Pikipiki ya Lewis Ikifika Themanini

Jumatatu, 7 Oktoba

Presha 158 kwa 96. Daktari ameniambia nipime kila asubuhi na kuandika kwenye daftari hili mpaka Krismasi. Namba peke yake haijazi mstari, na mimi tangu shule ya msingi sipendi kuacha karatasi nyeupe. Kwa hivyo daktari, ukikuta humu mambo yasiyokuhusu, umeyataka mwenyewe. Mimi ni Hudson Mwandawiro, fundi wa pikipiki hapa Voi, miaka sitini na tatu, mgongo umekwisha na mvua haijanyesha.

Jumatano, 9 Oktoba

155 kwa 95. Boda boda nne, zote klachi. Joto.

Ijumaa, 11 Oktoba

162 kwa 98, na hiyo ilikuwa kabla Abby hajafika.

Abby ni binti ya kaka yangu Lewis. Ana miaka thelathini, anafanya kazi katika ofisi za kaunti kule Wundanyi, na hupanda na kushuka milima kwa kipikipiki chake mwenyewe. Leo alikuja na pickup. Nyuma, chini ya magunia, kulikuwa na pikipiki ya baba yake: ya Kijapani, ya mwaka 1974, silinda mbili, tangi jekundu lililofifia. Mara ya mwisho niliigusa mwaka 2008, tulipoitoa mtaroni kwenye barabara ya Maungu na kwenda kuitupa katika banda la Lewis huko Mwatate. Siku hiyo mama yake Abby, Immaculate, alikuwa amepanda nyuma. Lewis alivunjika mguu. Immaculate tulimzika.

"Baba mdogo, nataka itembee," Abby akasema.

"Itembee kwenda wapi?"

"Tarehe kumi na nne Desemba kuna watu wa pikipiki za zamani wanatoka Nairobi kwenda Mombasa. Watapita hapa Voi. Nataka niende nao."

"Na baba yako amesema nini?"

"Amesema kama ni lazima, isiguswe na fundi mwingine. Niilete kwako tu."

Nilishangaa. Lewis na mimi tunasalimiana kwenye harusi na mazishi, basi. Imekuwa hivyo miaka kumi na sita. Nilimsaidia Abby kuishusha, na mgongo ukanikumbusha kwamba sikupaswa.

Jumanne, 15 Oktoba

Injini imewaka. Kabureta zilikuwa zimejaa uchafu kama masufuria ya sherehe. Kituku, Mkamba anayeziba pancha kibanda cha pili, alikuja kupiga makofi. Kituku ana maneno mengi kuliko viraka.

Alhamisi, 17 Oktoba

157 kwa 96. Breki. Mawingu yalikuja, yakatuangalia, yakaenda.

Jumanne, 22 Oktoba

Nimeijaribu asubuhi kwenye barabara ya Maktau, kule ilikonyooka na ambako malori ni machache. Niliangalia kwanza kama kuna ndovu karibu, kisha nikafungua mafuta. Sitini, sawa. Sabini, sawa. Themanini, usukani ukaanza kutikisika mikononi mwangu, kidogo tu, kama mtu anayekataa jambo kwa adabu. Themanini na tano ukakataa bila adabu. Gurudumu la mbele lilikuwa linarushwa kushoto kulia, kushoto kulia, na mimi nimeng'ang'ania kama mtoto. Niliachia mafuta polepole mpaka ikatulia. Nilisimama kando ya barabara muda mrefu, nikisingizia kuangalia mnyororo.

Ni tairi. Tairi zilizolala miaka kumi na sita zimekuwa mbao.

Jumanne, 29 Oktoba

Tairi mpya, mbele na nyuma. Nimesawazisha magurudumu mwenyewe. Themanini, inatikisika.

Jumatatu, 4 Novemba

160 kwa 97. Nimebadilisha beringi za shingo, pale usukani unapogeukia. Za zamani zilikuwa na vishimo. Nilifurahi kuviona, nikasema huyu hapa mwizi. Nikaenda Maktau nikiimba. Themanini, inatikisika. Nikarudi bila kuimba.

Jumamosi, 9 Novemba

Mvua imeanza. Paa la karakana linavuja mahali palepale pa mwaka jana.

Jumatatu, 11 Novemba

Nimekaza spoku zote, moja moja. Nimebadilisha bushi za mkono unaoshika gurudumu la nyuma. Nimekagua kama magurudumu yako kwenye mstari mmoja, kwa uzi, kama seremala. Yako. Fremu haijapinda. Niliijaribu mvua ilipokatika. Themanini.

Nimechoka na pikipiki hii. Nimechoka na mlio wake pia, maana ni mzuri. Miaka ile ukiusikia unapanda Wundanyi asubuhi unajua ni Lewis, afisa wa kilimo, anakwenda kuwafundisha watu kupanda kabichi ambazo wao walizipanda kabla yeye hajazaliwa.

Jumamosi, 16 Novemba

Abby alikuja kutoka Wundanyi akiwa ameloa. Alisema tope limeshuka barabarani, wamesubiri saa nzima likisukumwa. Akataka twende wote wawili tuijaribu. Nikaendesha, yeye nyuma.

Ilianza kutikisika kwenye sabini.

"Baba mdogo, ni nini?" akanipigia kelele sikioni.

Nikapunguza. Tuliposimama nikamweleza kama anavyoeleza fundi: uzito ukikaa nyuma, mbele panakuwa pepesi, na gurudumu la mbele likiwa jepesi linakosa wa kulishikilia. Aliitikia kwa kichwa kwamba ameelewa. Halafu wote wawili tukawa tunafikiria siku ileile. Siku ile Immaculate alikuwa amekaa pale Abby alipokaa, na nyuma yake, kwenye keria, kulikuwa na mkungu wa ndizi kutoka kwa dada yake.

"Watu husema baba alikuwa amelewa," Abby akasema, akiangalia mahali pengine.

"Husema," nikajibu.

Kuna jambo linanisumbua. Sitaliandika leo.

Jumatatu, 18 Novemba

168 kwa 100. Mvua.

Alhamisi, 21 Novemba

Sikupima.

Kituku alikuja kuomba pampu. Pikipiki ilikuwa imesimama kwa stendi yake ya kati, mimi nimechuchumaa kwenye gurudumu la mbele kama kawaida, nikitafuta nilichokwisha kukitafuta. Akasimama mbali kidogo, akainamisha kichwa.

"Fundi, hii kitu mbona imeinama hivi? Imeweka kichwa chini kama ng'ombe akikunywa maji mtoni."

"Wewe ziba pancha zako."

"Mimi nasema tu. Zingine za zamani nimeona hazikai hivi."

Akachukua pampu akaenda. Nikainuka, nikaenda kusimama pale alipokuwa amesimama, nikatazama. Kisha nikarudi nikaweka mkono juu ya kibano kinachoshika miguu ya mbele, yale mabomba mawili yanayobeba gurudumu. Miguu ile ilikuwa imetokeza juu ya kibano. Nikapima kwa vidole. Vidole vitatu.

Nilikaa chini sakafuni. Nitaandika yote sasa, maana nisipoandika leo nitatafuta namna ya kutoandika kabisa.

Mimi ndiye niliyefanya hivyo. Mwaka 2007 nilikuwa bado na karakana yangu Wundanyi. Lewis alilalamika kwamba pikipiki ni nzito kwenye kona, haitaki kugeuka, na barabara za kule ni kona tupu. Nikafanya kile mafundi wote wa mlimani tulichokuwa tunafanya siku hizo: nikalegeza vibano, nikavuta miguu ya mbele juu vidole vitatu ili mbele ishuke, na nyuma nikatia springi ndefu za pikipiki nyingine ili ipande. Ikawa inageuka ukiitazama tu. Lewis alifurahi mpaka akaninunulia soda. Watu waliona, wakaja na zao. Nilifanya pengine thelathini. Hakuna hata mmoja aliyepata tabu, kwa sababu kule juu nani anafika hamsini? Kabla hujabadilisha gia kona nyingine imefika.

Lakini pikipiki inayogeuka haraka ni pikipiki isiyotaka kwenda moja kwa moja. Hilo nililijua. Kila fundi analijua. Mapema 2008 Lewis akahamishiwa ofisi ya Voi, huku barabara zilikonyooka. Akashuka na pikipiki yake kama ilivyo. Sisi watu wa mlimani tunashuka na kila kitu chetu vilevile kilivyokuwa juu, sweta na yote, ndiyo maana huku wanatucheka. Hakuna aliyekumbuka kuirudisha. Mimi sikukumbuka.

Na si hilo tu. Mwezi mmoja baada ya kuhamia Voi alipanda kuja kuniona. Nakumbuka alipokuwa amesimama, karibu na mlango, helmeti mkononi. Akasema, "Hudson, nikifika themanini inatikisika. Hebu iangalie." Nilikuwa na kazi nyingi na watu walikuwa wanasikiliza. Zamani Lewis alipenda mbangara, pombe yetu ya miwa. Alikuwa ameiacha mwaka mzima tangu aokoke, lakini utani ulikuwa bado mtamu. Nikamwambia, "Punguza mbangara, itaacha kutikisika." Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akavaa helmeti akaondoka.

Wiki mbili baadaye ikawa Maungu.

Baada ya mazishi familia ya Immaculate ilikaa nasi. Dada yake mkubwa, mwalimu Gertrude, akaniuliza mbele ya wote, "Wewe ni fundi. Pikipiki ilikuwa na shida?" Nikasema, "Pikipiki ilikuwa sawa." Lewis alikuwa kitandani hospitalini, hakuwapo kunisikia, lakini alisimuliwa. Ikiwa pikipiki ilikuwa sawa, basi mtu hakuwa sawa. Na ule utani wangu wa mlangoni ukatoka karakana ukatembea kijiji kizima, ukawa habari: hata ndugu yake alimwonya juu ya pombe. Kanisa likamvua uzee wa kanisa. Ofisini wakamweka pembeni mpaka akastaafu mapema. Anafuga mbuzi Mwatate.

Na mimi nilimwamini nani? Niliamini utani wangu mwenyewe. Miaka kumi na sita nimemtazama kaka yangu kama mlevi aliyeua mkewe.

Ijumaa, 22 Novemba

174 kwa 104. Sikufungua karakana.

Jumamosi, 23 Novemba

Springi za asili za pikipiki ya Lewis zilikuwa kwangu. Ziko kwenye sanduku nililohama nalo kutoka Wundanyi, zimefungwa kwa gazeti la Agosti 2007, na juu yake nimeandika kwa mkono wangu: LEWIS – ZIRUDISHWE.

Jumatatu, 25 Novemba

Mvua kubwa. Nimerudisha miguu ya mbele mahali pake na springi zile nyuma. Kazi ya saa mbili. Saa mbili tu.

Jumatatu, 2 Desemba

Leo barabara ilikauka. Nilikwenda Maktau peke yangu nikiwa nimefunga gunia la mahindi nyuma, kilo sitini, mahali pa mtu. Themanini, kimya. Tisini, kimya. Mia moja. Mia moja na kumi, na usukani umetulia mikononi, ningeweza kuushika kwa vidole viwili.

Naandika ukweli: nilitamani itikisike. Nilirudia mara nne, nikiomba itikisike hata kidogo, ili kosa liwe la kitu kingine. Ilikwenda moja kwa moja. Nilisimama kando ya barabara nikalia, mzee mzima na gunia lake la mahindi. Lori moja likapiga honi. Sijui lilinisalimia au lilinicheka.

Jumatano, 4 Desemba

Abby alikuja, akaiendesha, akarudi anacheka.

"Ilikuwa nini?"

"Uzee," nikasema. "Vitu vilikuwa vimelegea."

Akanikumbatia. Mimi ni mwoga, na daktari hana dawa yake.

Jumamosi, 7 Desemba

166 kwa 99. Mwalimu Gertrude ameshuka kutoka Wundanyi mahsusi kuja kuniona. Ana miaka sabini na mbili, alitembea kwenye tope la kituo na viatu vyake vya kanisani. Hakutaka kuketi.

"Hudson, nimesikia unamtengenezea mtoto lile jeneza."

"Mwalimu, karibu kwanza."

"Sikaribii. Yule mlevi alimuua dada yangu, sasa anamkabidhi binti yake chombo kilekile, na wewe unakipaka mafuta. Wewe mwenyewe ulimwonya juu ya pombe yake, hakusikia. Mwambie Abby asiende. Wewe atakusikia."

Nilikuwa na nafasi. Mlango ulikuwa wazi, mvua imekatika, hakukuwa na mteja. Nikamwambia, "Pikipiki iko sawa sasa, mwalimu." Akaniangalia, akasema, "Hata siku ile ulisema iko sawa," akaondoka.

Jumapili, 8 Desemba

Kanisani nilisimama kila waliposimama na kukaa kila walipokaa. Sijui walihubiri nini.

Jumatatu, 9 Desemba

Nimempigia Abby. Nimemwambia Alhamisi ni Jamhuri, hakuna kazi, nataka sote tukutane kwa baba yake Mwatate, na amlete mwalimu Gertrude hata kwa kumbeba. Akauliza kuna nini. Nikasema kuna jambo la pikipiki ambalo sikumwambia.

Alhamisi, 12 Desemba

Sikupima. Najua tu ilikuwa juu.

Lewis alikuwa ameketi nje ya nyumba yake, mguu mbovu umenyooshwa mbele, fimbo kando. Amezeeka kuliko nilivyotaka. Gertrude alikaa mbali naye, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri gari. Abby alileta chai. Hakuna aliyeinywa.

Nilikuwa nimeleta zile springi ndefu nilizozitoa. Nikaziweka chini mbele yao, nikasimama, maana nilihofia nikiketi nitaanza kuzunguka. Nikaeleza. Vidole vitatu. Springi. Kwa nini tulifanya hivyo mlimani na kwa nini kule chini ni hatari. Siku Lewis alipokuja mlangoni na aliyoyasema. Niliyoyajibu. Wale waliocheka. Kisha nikamgeukia Gertrude, nikamwambia kwamba siku ya kikao nilisema pikipiki ilikuwa sawa bila hata kuikagua. Haikuwa sawa. Ilikuwa imeharibiwa na mimi. Lewis hakuwa amekunywa.

Mbuzi mmoja alikuja kunusa springi.

"Baba Abby," nikasema, "sina neno lingine. Nimekukosea."

Lewis hakuniangalia mimi, aliangalia zile springi. "Kwa nini unafikiri nilimwambia mtoto aipeleke kwako?" akauliza, sauti ya kawaida kabisa. "Mafundi wako wengi. Nilitaka ifike themanini wewe ukiwa juu yake."

Abby alifunika uso. Gertrude akainuka polepole, mkoba ukaanguka, hakuuokota.

"Miaka kumi na sita," akasema. "Sijampa huyu mtu mkono miaka kumi na sita. Abby, leta maji. Kikombe kimoja."

Sisi Wadawida, watu wa milima ya Taita, tuna kutasa. Mwenye hasira huchukua maji kinywani, zamani ilikuwa mbangara, akayarusha nje kwa nguvu huku akitamka kwamba ameiacha. Hasira isiyotolewa hukaa moyoni na kuleta ugonjwa nyumbani. Kanisani hatuzungumzi sana habari hizo, lakini kila nyumba inajua.

Gertrude alianza. Alijaza kinywa, akayarusha kwenye udongo, akasema, "Lewis, nilikuchukia kwa lisilo lako. Limetoka. Na wewe unisamehe." Akampa mkono. Lewis akaushika kwa mikono miwili na hakuuachia haraka.

Kisha akampa kikombe. Lewis akakitazama. Akachukua maji kinywani, akakaa nayo hivyo, mashavu yamejaa, macho yananitazama kwa mara ya kwanza siku hiyo. Nilisimama kama mtu anayengoja hukumu. Akayarusha. Matone yalinifikia viatuni.

"Ya pikipiki imetoka," akasema. "Fundi hukosea. Mimi mwenyewe niliifurahia kwenye kona, na nilishuka nayo hivyohivyo."

Akakiweka kikombe chini. Kilikuwa bado na nusu.

"Ya mbangara bado," akasema. "Nilikuja kwako na shida, ukawachekesha watu. Hiyo sijaiweza leo, Hudson. Sitaki kudanganya mbele ya maji."

Hakuna aliyembembeleza. Nilisema nimesikia. Kikombe kilibaki pale chini mpaka tukaondoka.

Jumamosi, 14 Desemba

164 kwa 97. Walipita Voi saa saba na nusu, pikipiki kumi na saba, nyingine zinatoa moshi wa aibu. Abby alikuwa wa tano. Kituku alipiga kelele kama ni harusi ya kwao. Nilimwambia Abby asizidi tisini. Alisema sawa, na nilijua hatasikia.

Jumapili, 15 Desemba

Amerudi salama. Mia moja na ishirini, amekiri, na usukani haukusema neno.

Jumapili hii pia mwalimu Gertrude alisimama kanisani huko Wundanyi akawaambia watu wote. Abby alinisimulia kwa simu. Alinitaja kwa jina langu lote, na ni haki.

Jumatano, 18 Desemba

158 kwa 95. Wateja wawili wamenitazama vibaya. Mmoja alichukua pikipiki yake kabla sijamaliza. Nimempa.

Jumatatu, 23 Desemba

152 kwa 93. Daktari, daftari lako linakwisha leo.

Saa nne niliusikia mlio ule kabla sijauona. Abby aliingia karakana polepole, na nyuma yake, fimbo imelazwa mapajani, alikuwa Lewis. Hakuwa amepanda pikipiki tangu Maungu. Abby alimsaidia kushuka, akasema anakwenda sokoni mara moja, akatuacha.

Lewis aliketi kwenye kiti cha wateja. Alitazama paa linapovuja. Akasema mvua imetosha mahindi, nikasema imetosha. Akauliza habari za mgongo wangu. Kisha akasema, "Hudson, nipe maji."

Nilimletea kikombe kimejaa. Nikarudi nyuma hatua mbili, nikasimama nikingoja. Alikiinua, akajaza kinywa. Akameza. Akajaza tena, akameza, mpaka kikaisha.

Aliniona nilivyosimama. "Usinitazame hivyo," akasema. "Hii ilikuwa kiu tu. Huku kwenu kuna joto."

Tukakaa mpaka Abby akarudi, tukizungumza habari za mbuzi. Walipoondoka nilikiosha kile kikombe, nikakirudisha karibu na kiti, kwa siku atakayokitaka.